Simu kwa Mtu Asiyejua Kusoma

Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa ambaye hakupata kujifunza kusoma huitambua noti ya shilingi 10,000 mara aionapo. Rangi yake, tembo wake na tarakimu zake zamtosha. Lakini fedha hiyohiyo ikiingia katika simu hugeuka kuwa maandishi.

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Tanzania mwaka 2008. Mwenye simu ya vitufe hubonyeza *150*00#, na kioo humletea orodha ya maneno yenye namba. Akichagua moja, orodha nyingine hufuata, na nyingine tena. Asiyejua kusoma hulazimika kumkabidhi simu mjukuu au wakala, na kumtajia namba ya siri. Hapo siri si siri tena.

Je, picha zikichukua mahali pa maneno, tatizo litakwisha? Indrani Medhi na watafiti wenzake wa maabara ya Microsoft mjini Bangalore, India, walilichunguza jambo hilo miongoni mwa wanawake watumishi wa majumbani, wakatoa taarifa yao mwaka 2006. Tarakimu hazikuwatatiza wengi wasiojua herufi, kwa hiyo ziliachwa. Picha ndizo zilizoleta mashaka. Mchoro wa jiko ulionekana kuwa jiko tu, wala si kazi ya jikoni, mpaka ulipoongezewa maji yatiririkayo bombani na mvuke utokao birikani. Kumbe picha nayo husomwa! Ndiyo sababu kila mchoro uliambatanishwa na sauti ya kuueleza.

Baadaye watafiti hao walilinganisha simu yenye picha na sauti na ile izungumzayo tu. Ya kwanza iliwawezesha watu wengi zaidi kuimaliza kazi waliyopewa. Ya pili ilikwenda haraka zaidi, na watumiaji wake walihitaji msaada mdogo zaidi.

Tokeo hilo la pili lina uzito wa pekee kwa Karagwe na Kyerwa. Simu ya vitufe ina kioo kidogo kisichofaa kwa michoro mingi, lakini sauti huipokea vyema, iwe ya Kiswahili au ya Kinyambo. Sauti ingeuliza sikioni, naye mkulima angejibu kwa kubonyeza tarakimu azijuazo, namba ya siri ikiwamo, kwa kidole chake mwenyewe.