Upana Usio wa Kweli: Kusahihisha Vipimo vya Minyororo ya Polima

Ndoo, kiti na bomba la maji la plastiki vyote hutengenezwa kwa polima, yaani molekuli ndefu mithili ya mnyororo, ambazo pete zake ni molekuli ndogo zilizoungana. Katika kipande kimoja cha plastiki minyororo hiyo hailingani urefu. Kwa kawaida, mirefu huipa plastiki uimara, na mifupi huiwezesha kutiririka kwa urahisi inapoyeyushwa kiwandani. Kwa hiyo haitoshi mkemia kujua wastani wa uzito wa molekuli. Hana budi kujua pia zinavyotofautiana.

Mwaka 1964, J. C. Moore wa kampuni ya Dow nchini Marekani alieleza njia ya kupima tofauti hizo, iitwayo kromatografia ya jeli. Myeyusho wa polima hupitishwa katika bomba jembamba lililojazwa punje zenye vitundu vidogo mno. Hebu tufikirie mtaa wenye milango mingi. Mtoto huingia kila mlango na kuchelewa. Mtu aliyebeba kitanda kichwani hawezi kuingia popote, hivyo hupita moja kwa moja. Vivyo hivyo molekuli kubwa hutoka kwanza, na ndogo hufuata. Kitambuzi mwishoni mwa bomba huchora grafu yenye umbo la kilima: mahali pa kila nukta huonyesha ukubwa wa molekuli, na kimo chake huonyesha wingi wake.

Lakini grafu hiyo haisemi kweli yote. Hata molekuli zenye ukubwa uleule hazitoki kwa wakati mmoja. Njia zilizo baina ya punje hazilingani, na molekuli nyingine hukawia vitunduni kwa bahati tu. Hivyo chombo chenyewe huongeza upana wa kilima, na mchunguzi asiyetahadhari atasema kwamba minyororo inatofautiana kuliko ilivyo. Lililo baya zaidi ni kwamba maabara mbili zenye vyombo tofauti zinaweza kutoa majibu mawili kuhusu plastiki ileile.

Mwaka 1966, L. H. Tung alilieleza tatizo hili kwa mlinganyo. Alionyesha kwamba kilima tunachokiona ni jumla ya vilima vidogo vingi, kimoja kwa kila ukubwa wa molekuli, na kila kimoja kimepanuliwa na chombo. Ikiwa vilima vina umbo la kawaida la kengele, hesabu yake hufanana na kanuni ya Pythagoras: mraba wa upana unaoonekana ni sawa na mraba wa upana wa kweli kujumlisha mraba wa upana wa chombo. Tuchukue mfano. Upana unaoonekana, ukipimwa kwa mkengeuko sanifu, ni mililita 0.5, na ule wa chombo ni 0.4. Basi 0.25 kutoa 0.16 ni 0.09, na kipeuo chake cha pili ni 0.3. Upana wa kweli ni mililita 0.3 tu!

Je, upana wa chombo hujulikanaje? Tung na wenzake walitumia mbinu rahisi ya kugeuza mkondo. Tuchukulie kwamba wanafunzi wanashindana mbio, na filimbi inapopigwa wote wanageuka na kurudi walikoanzia. Aliyetangulia mbele ana safari ndefu zaidi ya kurudi. Hivyo, kila mmoja akishika mwendo wake, wote watafika pamoja. Tofauti itakayobaki ni ya kujikwaa na kusukumana njiani. Ndivyo ilivyo katika bomba: mkondo ukigeuzwa nusu ya safari, utengano uliotokana na ukubwa hufutika, lakini mtawanyiko wa bahati huendelea kukua. Kilima kinachopatikana ni kipimo cha kasoro ya chombo peke yake.

Hata hivyo, usahihishaji nao una hatari yake. Grafu si kengele kamili siku zote, na kila kipimo kina mitikisiko midogo. Hesabu ya kurudi nyuma huikuza mitikisiko hiyo. Tukisahihisha kupita kiasi, tutapata vilima viwili palipokuwa na kimoja, au hata wingi wa molekuli ulio chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Ndiyo maana leo hutumiwa punje ndogo zaidi, zinazopunguza mtawanyiko tangu mwanzo, ili kinachobaki kusahihishwa kiwe kidogo.

Somo hili halihusu polima pekee. Kila chombo cha kupimia huacha alama yake katika jibu. Mwanafunzi anaposoma kipimo, na ajiulize: ni kiasi gani kimetoka kwenye kitu kinachopimwa, na ni kiasi gani kimetoka kwenye chombo?