Simu Moja, Wanafunzi Sita: Kusomea Pamoja kwa Njia ya Intaneti

Mwezi huu tunaongea juu ya simu. Wazazi wengi wanatuambia: "Mwalimu, hii simu inaharibisha watoto." Na mama mmoja aliuliza swali zuri zaidi: "Miye sikusoma. Nitajua namna gani kama mtoto anasoma ao anacheza?" Jibu lake liko mwisho wa ukurasa huu. Kwanza tuelewane.

Intaneti ina mambo ya kutazama tu, kama vile vidio, miziki na mpira. Lakini kuna pia ile ya kushirikiana, ambapo watu wanaandika pamoja, wanaulizana na kusahihishana. Hii ya pili ndiyo inasaidia masomo, na haidai kila mtoto awe na simu yake.

KITABU KINACHOANDIKWA NA WATU WOTE

Wengi mnasikia jina Wikipedia. Ni kitabu kikubwa cha maarifa kwenye intaneti. Kilianza Januari 2001 kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili mwaka 2003. Hakikuandikwa na profesa mmoja. Kwa kawaida, mtu yeyote anaweza kuongeza ao kusahihisha, na mabadiliko yanabaki katika historia ya ukurasa. Kwa hiyo mwanafunzi asinakili tu. Atazame chini kama kuna marejeo, kiisha alinganishe na kitabu cha shule.

Mega zikiisha? Tangu 2007 kuna programu ya bure inaitwa Kiwix. Unapakua Wikipedia mara moja mahali penye mtandao, unaiweka kwenye kadi ya memori, halafu unasoma nyumbani bila mega. Mwenzako naye anaweza kuichukua kutoka kwako.

Kwa watoto wadogo kuna African Storybook, iliyoanza 2014 huko Afrika Kusini. Ni hadithi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unaruhusiwa kusoma, kuchapisha, kutafsiri, hata kutunga hadithi mpya. Bibi anayejua hadithi za kwetu asimulie, mjukuu aandike. Mtoto amefanya zoezi la kuandika, na hadithi ya bibi haikupotea.

WAKIMBIZI WENZETU WALIFANYA NINI

Huko Kenya, UNHCR na Vodafone Foundation walianzisha madarasa yenye tableti na intaneti katika kambi ya Dadaab mwaka 2013. Baadaye mpango huo ulifika Kakuma, na pia Tanzania na Kongo.

Kule Kakuma, walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, na kuna ambao waliingia darasani bila kusomea ualimu. Chuo cha Teachers College cha New York kiliwapatia mafunzo, kiisha kikawaunganisha kwa WhatsApp na walimu wa nchi zingine. Mwalimu mwenye darasa lililojaa anauliza jioni namna ya kupanga vikundi, na mwenzake wa mbali anamshauri. Simu ni ile ile ya kila siku. Kilichobadilika ni watu walio upande wa pili.

NAMNA SISI TUNAFANYA

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa msingi wanakaa sita sita kwa simu moja ya mzazi. Mwalimu anatuma swali moja, tuseme la sehemu ao asilimia. Kila mtoto anajibu kwanza kwenye daftari lake. Halafu wanabishana mpaka wakubaliane, wanapiga picha ya jibu na kulituma. Kikundi kingine kinasahihisha, na mwalimu anamalizia kwa ujumbe wa sauti. Nusu saa imekwisha, simu inarudi kwa mwenyewe. Picha moja na sauti fupi hazili mega nyingi. Vidio ndizo zinazomaliza.

Jambo moja linatuumiza. Saa ya kikundi, wavulana wako na simu mkononi, na wasichana wako kwenye foleni ya maji. Mtihani hautamuuliza msichana alichota ndoo ngapi. Tunaomba kaka naye abebe ndoo, na simu ishikwe kwa zamu.

TUWE MACHO

Mwaka jana ujumbe ulizunguka kwamba mtihani umesogezwa wiki moja. Ulikuwa uongo. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kubaki nyumbani. Aliponea kwa sababu kaka yake alikimbia kuuliza shuleni. Tangu siku hiyo tuna sheria: tarehe ya mtihani ao ya kujiandikisha haiaminiwi kama haijabandikwa kwenye ubao wa shule.

Pia, mtu msiyemjua asipewe picha ya mtoto, mahali mnapokaa, wala namba ya kadi yenu ya mgao, hata akiahidi masomo ya bure Ulaya. Kwenye WhatsApp, fungua sehemu ya faragha na kuchagua kwamba watu unaowajua tu ndio wanaweza kukuingiza katika kikundi. Usipojua, lete simu, tutakuonyesha.

JIBU KWA YULE MAMA

Mama, si lazima ujue kusoma. Mtoto akirudisha simu, muulize mambo matatu:

1. Umejifunza nini leo? Nieleze kwa lugha yetu ya nyumbani.
2. Nani aliandika hayo, na mwalimu anasema nini?
3. Daftari liko wapi?

Aliyesoma ataeleza mpaka uelewe, na daftari litakuwa na wino mpya. Aliyecheza atagugumia.

Mzazi mwenye simu inayofungua intaneti, na anayeweza kuiazima nusu saa, mara mbili kwa wiki, aje aandikishe jina lake kwa mwalimu wa darasa. Simu yako moja ni masomo kwa watoto sita.