Kabla ya kunitajia bei, niulize chesisi

Tuseme umepita Kyumvi na Probox yako, unakaribia Malili, breki zinaanza kulia. Unaegesha kando ya Barabara ya Mombasa, unaingia duka la spea na kuitisha breki pedi za mbele. Muuzaji anakuuliza: "Unataka za ngapi?"

Toka hapo, msee. Hajauliza hata namba ya chesisi.

Nimelipia somo hili. Baada ya kuacha chuo nilikuwa naendesha gari la mjomba, nikanunua pedi za bei ya chini kwa duka moja, silitaji. Hazikumaliza mwezi, chuma ikaanza kukwaruza diski. Nikirudi, naonyeshwa maandishi kwenye risiti: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Sikujua kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinanipa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Sasa wewe unajua.

Cheki pia namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza hukuambia ni kitu gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 za nyuma. Zinazofuata ndizo hutenganisha modeli. Muuzaji anayejua kazi atalinganisha namba, au ataweka ile kuukuu kando ya mpya kwenye kaunta uone mwenyewe. (Fundi akisema "nipe pesa nikakununulie", enda naye. Wengine hukula cha juu.)

Kwa mwenye trekta, shida kubwa ni siku. Ukambani tunategemea sana mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Paipu ya haidroliki ya Massey Ferguson ikipasuka wakati watu wanalima, mzee hataki kuambiwa "kuja kesho" mara tatu. Kila kesho ni shamba la mtu halijalimwa, na mvua haingoji. Kama huna, sema huna. Atapigia mtu simu Kirinyaga Road, Nairobi, paipu iwekwe kwa matatu na jioni aichukue hapa steji.

Mimi siku hizi nanunua kwa jamaa aliyewahi kuniambia, "Hiyo sina, na usichukue hii nyingine, haitaingia. Jaribu kwa jirani." Siku hiyo hakuuza kitu. Namba yake nimeisevu "Spea Malili."