Mwalimu, Probox na Mshale wa Njano

Wanangu, Jumamosi saa tano asubuhi, maegesho ya maduka ya Syokimau hayana nafasi hata ya mkokoteni. Watu wa Katani, wa Mlolongo na wa yale maghorofa yanayoota kila uchao kando ya Barabara ya Mombasa wote wameshuka kununua unga, mafuta na madaftari. Hapo ndipo ninapoiweka hadithi yangu. Watu wake nimewatunga. Sheria zilizomo sikuzitunga.

Mwalimu mmoja alikuwa ameegesha Vitz yake ya buluu, pua ikiwa ukutani na mgongo ukitazama ujia wa magari. Kiti cha nyuma alikaa binti wa dada yake, mwanafunzi wa Gredi ya 7. Mwalimu akatia rivasi, akakazia macho kioo cha kulia, maana mshale wa njano uliopakwa chini ulionyesha kwamba magari hutokea upande huo. Akaanza kutoka polepole. Mara Probox nyeupe ikatokea kushoto, kinyume cha mshale. Kishindo hakikuwa kikubwa. Taa moja ya Vitz ilipasuka, Probox ikabonyea mlango wa nyuma wa kushoto, na ndani ya buti lake trei za mayai zikaporomoka.

Dereva wa Probox, kijana anayesambaza mayai madukani, aliruka nje. "Mama, kwani hukuniona? Mimi nilikuwa nimesimama kabisa!"

"Pole sana, kaka. Hujaumia?"

Hakuna aliyeumia. Lakini watu walishajaa, na mnajua umati wa Kenya ulivyo: kila mmoja ni hakimu. "Anayepiga rivasi ndiye mwenye makosa, mama, lipa tu!" Mwingine akasema mwenye gari kubwa ndiye alipaswa kungoja. Mwalimu alikuwa tayari ameshika simu, anauliza atume pesa ngapi kwa M-Pesa, wakati yule binti aliyekuwa amechuchumaa kando ya Probox alipoita.

"Anti, kama alikuwa amesimama, huu mkwaruzo umetoka wapi?"

Njooni karibu tuuangalie pamoja naye. Gari lililosimama likigongwa na kona ya bampa, hubonyea mahali pamoja, shimo la mviringo. Mlango wa Probox ulikuwa na shimo hilo, lakini kutoka hapo ulianza mstari wa rangi ya buluu uliokwenda kuelekea nyuma, ukavuka ukingo wa mlango, ukaishia juu ya gurudumu. Mstari kama huo huchorwa na gari linalokwenda mbele huku likiburuzwa kwenye kitu. Kwa hiyo Probox ilikuwa inatembea. Ila jambo la pili nalo lilikuwa wazi: pua ya Probox ilikuwa imeshapita, na Vitz ikaja kuigonga ubavuni. Mwalimu hakugongwa. Yeye ndiye aliyegonga.

Mkwaruzo mmoja, basi, ulimsuta kijana na ukamsuta mwalimu pia. Ndiyo maana binti alifanya la maana kuliko wote waliokuwa pale: kabla gari lolote halijasogezwa, alipiga picha. Alianza kwa mbali, magari yote mawili yakiwa na mshale wa njano kati yao. Kisha namba za magari, magurudumu yalivyoelekea, vipande vya taa pale vilipoanguka, na stika za bima kwenye vioo vya mbele. Mwisho ndipo akapiga ule mkwaruzo kwa karibu. Watu wengi huanza na kumalizia na picha ya karibu, na picha ya karibu peke yake haisemi gari lilikuwa wapi.

Askari wa lango akasema mambo ya polisi hayapo hapa, kwa sababu maegesho ni mali ya mtu binafsi. Utalisikia neno hili kila mahali, na si kweli. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inapoeleza barabara ni nini, inataja na maegesho ya magari ambayo umma unaruhusiwa kuingia. Sheria hiyohiyo inamtaka dereva asimame baada ya ajali, na akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, ataje jina lake, anwani yake, mwenye gari na namba ya gari. Asipofanya hivyo kwa sababu yoyote ile, apige ripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Anayekwaruza gari la mtu aliyeingia dukani kisha akatoweka hajakosa adabu tu, amevunja sheria. Na lile bango lisemalo kila mtu anaegesha kwa hatari yake mwenyewe? Hilo ni baina yako na mwenye maegesho. Halimwokoi dereva aliyekugonga.

Jambo moja askari wa lango angeweza kusaidia ni kamera. Rekodi za kamera hufutika zenyewe baada ya muda, nyingine mapema mno, kwa hiyo wasimamizi wa jengo waombwe siku hiyohiyo wazihifadhi. Huenda wasikubali kukupa wewe mkononi, hasa tangu Kenya ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, lakini wakizihifadhi, polisi au kampuni ya bima wataweza kuziomba.

Sasa nani mwenye kosa? Hapa watu wazima wengi huteleza, kwa kudhani kosa ni kama taji, lazima livaliwe na mmoja. Anayetoka kinyumenyume ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeingia kwenye njia ya wengine, na anatakiwa kutazama pande zote, hata ule ambao mshale unasema hakuna gari. Umati haukukosea sana. Lakini anayekwenda kinyume cha mshale naye amewatega wenzake. Sheria ya Kenya inaruhusu kosa ligawanywe: ukiwa umechangia hasara yako mwenyewe, unachodai hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wako.

Tuchukue kalamu. Tuseme mlango na rangi ya Probox vinahitaji shilingi 36,000, na mayai yaliyovunjika ni ya 4,000. Jumla 40,000. Taa na bampa la Vitz ni 15,000. Tuseme mwalimu anabeba asilimia 70 ya kosa na kijana asilimia 30. Mwalimu anadaiwa asilimia 70 ya 40,000, yaani 28,000. Kijana naye anadaiwa asilimia 30 ya 15,000, yaani 4,500. Toa hii kwa ile: mwalimu amlipe kijana 23,500. Mgawanyo wa 70 kwa 30 ni wangu wa mfano. Hakimu mwingine angeona tofauti, na mimi mwenyewe nisingeshangaa.

Nani mwenye kosa ni swali moja. Nani atatoa pesa ni swali jingine kabisa, na hapo ndipo bima inapoingia.

Bima ni ya wasioona ya mbele. Mji wa hadithi yetu umepewa jina la Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba anayesimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akija kuvuka nchi. Wazee husema nyoka huyo ndiye reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899. Sisi tusio na kipaji cha bibi huyo hatujui gari letu litagongwa lini, ndiyo sababu tunachanga mapema. Wengi wanachanga, wachache wanapatwa, na mfuko unawainua waliopatwa.

Ila mfuko una masharti. Kila gari barabarani Kenya lazima liwe na bima inayowalinda watu wengine, ile inayoitwa thadipati, chini ya Sura ya 405, sheria iliyotungwa enzi za ukoloni, miaka ya 1940. Kinacholazimishwa na sheria hiyo ni fidia ya watu wanaoumia au kufa, na kwa mtu mmoja bima hailazimiki kupita shilingi milioni 3. Taa na milango haimo katika lazima hiyo. Inalipwa kwa sababu kampuni na mteja wameandikiana hivyo katika mkataba, na kwa kiasi walichoandikiana. Kisha kuna bima kubwa, komprehensivu, inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, uwe na kosa usiwe nalo.

Kijana wa mayai alikuwa na thadipati. Kwa hiyo bima yake isingemtengenezea mlango hata kama angekuwa malaika. Na alikuwa na jambo jingine la kumkosesha usingizi: cheti chake kiliandikwa kwa matumizi ya binafsi, naye alikuwa kazini anasambaza bidhaa. Kampuni ya bima ikiligundua hilo inaweza kukataa kumlipia. Madereva wengi wa Probox hulijua hili, na huliweka mbali na mawazo.

Mwalimu alikuwa na komprehensivu. Umati ungesema basi yamekwisha, bima italipa. Subirini. Karibu kila mkataba wa komprehensivu humtaka mwenye gari abebe mwenyewe sehemu ya mwanzo ya hasara. Tuseme sehemu hiyo kwake ni 20,000. Taa na bampa ni 15,000. Bima haitatoa hata shilingi kwa Vitz yake. Kwa Probox inaweza kulipa, lakini mwalimu aliyekaa miaka bila kudai chochote hupewa punguzo la ada kila anapolipia bima upya, na akidai punguzo hilo linaweza kupotea. Kwa madhara madogo hivi, mara nyingi ni nafuu kumalizana wenyewe. Hiyo ni hesabu, na kila mtu aifanye kwa namba zilizo kwenye mkataba wake.

Hata hivyo kumalizana huko kusifanywe kimyakimya. Mikataba hiyo humtaka mwenye bima aijulishe kampuni ajali yoyote mara moja, hata asipodai kitu, na humkataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kumpa mtu pole ni utu, hakuna bima inayokataza. Kumwandikia kwamba kosa lote ni langu na nitalipa kila kitu, hilo ndilo hatari. Fikirini kijana angerudi baada ya miezi miwili na barua ya wakili, anadai 120,000 na maumivu ya shingo. Mwalimu asiyeripoti angekimbilia kwa kampuni ya bima, nayo ingemuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

Kwa hiyo mwalimu aliacha kutuma M-Pesa, akampigia wakala wake wa bima. Halafu wote wawili wakaenda Kituo cha Polisi cha Mlolongo, tukio likaandikwa, wakapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kampuni za bima huomba abstrakti ya polisi kabla ya kufungua faili, na ni rahisi kuipata tukio likiwa limeandikwa siku ileile. Polisi wanaweza kumshtaki mtu kwa kuendesha bila uangalifu, lakini wao si wa kuamua nani alipe mlango.

Na wasingeelewana? Tangu 2021 Kenya ina Mahakama za Madai Madogo, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Kwa uharibifu wa namna hii unaweza kushtaki hadi miaka 3 baada ya ajali, ingawa sijui nani angetaka kukaa na mlango uliobonyea muda wote huo.

Hawakufika huko. Wakala alipoleta idhini ya kampuni kwa maandishi kwamba wamalizane, walikutana gereji, wakapata bei kwa fundi wa kunyoosha bodi na kwa mwenzake wa pili, maana bei ya fundi mmoja ni neno la mtu mmoja. Bei na mgawanyo vikatoka kama katika hesabu yetu. Mwalimu akaandika karatasi kwa mkono: tarehe, mahali, namba za magari, namba za vitambulisho, na kwamba shilingi 23,500 ni malipo kamili na ya mwisho, bila yeyote kukiri kosa. Kijana aliisoma mara mbili. Kabla ya kutia sahihi aliomba liongezwe neno moja, kwamba mayai yamo ndani ya hesabu, ili tajiri wake asije kumdai tena. Likaongezwa.