Maji ya Handeni: Bomba Linatoka Korogwe, Uhai Wake Uko Mkutanoni

Maji yanayonywewa Handeni mjini yanatoka Korogwe. Yanachotwa Mto Pangani na mitambo ya mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kisha yanasukumwa kwa pampu kupanda hadi nchi kavu ya Uzigua, ambako vijito vingi hukauka kiangazi na watu wamezoea kutegemea malambo. Karibu nusu karne sasa wilaya hizi mbili zimefungwa na bomba moja, na kwa hiyo hapa ni mahali pazuri pa kuuliza swali linaloihusu nchi nzima: taasisi ya serikali inapotangaza malengo ya muda mrefu ya kuinua maisha ya jamii, ni kitu gani hasa kinachoyafanya malengo hayo yadumu? Taasisi ninayoizungumzia ni Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, iliyoanza kazi Julai 2019 chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo. Lengo lililowekwa kwa vijiji lilikuwa asilimia 85 ya wananchi kupata maji safi na salama ifikapo 2025, na nyuma ya tarakimu hiyo kuna kaulimbiu inayojulikana hadi vitongojini: kumtua mama ndoo kichwani. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachodai ni kwamba ndoo ikishatuliwa haitabaki chini kama chombo cha wananchi kinachosimamia maji hakina nguvu na hakiaminiki. Kukijenga chombo hicho ni kazi inayostahili fedha, muda na vipimo kama yanavyopewa mabomba.

Tumewahi kuahidiana maji kabla ya leo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa ahadi ya heshima, na serikali iliibeba yenyewe: tangu 1965 ilikuwa ikilipa gharama zote za ujenzi, na miaka michache baadaye ikachukua na gharama za uendeshaji. Kijiji kikabaki mpokeaji. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970, dizeli ikaadimika, vipuri vikakosekana, na fundi pekee aliyeijua pampu alikuwa mwajiriwa wa idara iliyo mbali. Kijiji hakikuwa na mfuko wa kununulia hata mpira wa bomba, na kama kingekuwa nao, hakikuwa na mamlaka ya kuigusa mitambo ya serikali. Mwaka 1991 ukafika na kupita ahadi ikiwa haijawafikia wengi. Ndipo mkono ukageuzwa. Sera ya Maji ya 2002 ilishika kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250, lakini mzigo wa kuendesha na kutengeneza ukawekwa mabegani mwa wanakijiji. Vituo vya maji vilipohesabiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, takribani vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Kwanza serikali ilifanya kila kitu, baadaye kijiji kiliachiwa karibu kila kitu, na mara zote mbili bomba lilikauka kwa sababu ileile: hapakuwa na chombo kati ya serikali na kaya chenye fedha, ujuzi na ridhaa ya watu.

Historia ya Handeni yenyewe ina ushahidi wa zamani zaidi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu Uzigua kati ya 1840 na 1940, alichunguza kwa nini njaa ilizidi kuwa kali enzi za wakoloni katika nchi ambayo ukame si mgeni kwake. Jibu lake halikuishia kwenye mvua. Kabla ya ukoloni watu walikuwa na mahusiano ya kutegemeana: wakubwa wenye akiba waliwajibika kwa wadogo, na nguvu kazi ya pamoja ilisafisha vichaka hata mbung'o wakapungua na mifugo ikaishi. Kodi, kazi za kulazimishwa na uongozi uliotoka nje vikayakata mahusiano hayo. Mvua ilipokosekana tena hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kufungua ghala, na pori likarudi pamoja na magonjwa yake. Hakuna anayetaka kuurudisha utawala wa wakubwa wale, ambao ulikuwa na uonevu wake. Nichukuacho hapo ni kwamba ustawi wa eneo kame unategemea sana utaratibu wa watu kuwajibikiana, na utaratibu ukivunjika hasara huonekana kwenye afya za watoto na kwenye zizi.

Kwa upande huo RUWASA imeanza vizuri kuliko waliotangulia. Sheria ya 2019 iliwatoa wahandisi wa maji kwenye halmashauri na kuwaweka chini ya wakala mmoja, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyofahamika kwa ufupisho wa CBWSO, vikatakiwa viajiri fundi na mhasibu badala ya kumtegemea mjumbe wa kamati anayejitolea akipata nafasi. Vyombo vidogo vya kijiji kimoja kimoja vinaunganishwa ili mapato ya vijiji kadhaa yaweze kumlipa fundi mmoja anayeijua kazi. Malipo kwa namba ya kumbukumbu na dira za malipo ya kabla yanapunguza fedha zinazopita mikononi. Haya ni mambo makubwa, na anayeyabeza hajawahi kuishi na pampu iliyosimama miezi sita kwa kukosa kifaa cha bei ndogo. Lakini mabadiliko yaleyale yaliyoleta utaalamu yameipandisha njia ya uwajibikaji kuelekea Dodoma. Meneja wa wilaya anawajibika kwa meneja wa mkoa, na wa mkoa kwa makao makuu. Diwani anayebanwa na wapiga kura kwa sababu bomba halitoi anaweza kuuliza barazani, lakini baraza lake si mwajiri wa meneja yule. Na CBWSO, inayoitwa chombo cha jamii, husajiliwa na kusimamiwa na wakala uleule. Wananchi wakianza kuiona kama dawati jingine la serikali, watailipia kama wanavyolipa kodi, kwa kunung'unika na kwa kukwepa.

Nitajibiwa kwamba kamati za vijiji zilipewa uhuru na zikala fedha za maji. Kweli ziko zilizokula. Lakini fedha huliwa kwa urahisi pale ambapo hesabu hazisomwi hadharani, na utaratibu wa kuzisoma tunao tayari: mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mhasibu wa CBWSO aseme mbele ya watu ni shilingi ngapi zimeingia, umeme umekula kiasi gani, kipi kimebaki kwa matengenezo. Mfumo wa malipo unamzuia mkusanyaji kutia fedha mfukoni. Haumzuii anayezitumia kuzitumia vibaya. Wengine watasema suluhisho ni miradi mikubwa, na mbele yetu upo wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022 kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na unaozigusa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Handeni inauhitaji sana, kwa kuwa mitambo ya miaka ya 1970 imechoka na watu wameongezeka. Hata hivyo pampu mpya nayo itadai umeme kila mwezi, na bomba kuu likifika kijijini, kutoka hapo hadi kwenye ndoo kazi ni ya watu. Pingamizi lililo zito kwangu ni la mnyonge asiyeweza kulipa. Dira haimjui bibi anayelea wajukuu. Bila salio, haifunguki. Kijiji kinamjua. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umekuwa ukiutumia mkutano wa kijiji kutambua kaya maskini, na hakuna sababu ya mkutano huohuo kutopewa uwezo wa kuamua nani apate maji kwa nafuu na pengo lilipwe kutoka wapi.

Watu wa Usambara na Upare wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji au kujenga darasa, na ni rahisi ofisa kuuita ushirikishwaji kila anapohitaji mtaro wa bomba. Usambara iliwahi kuonyesha mpaka wa jambo hilo. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kukata matuta milimani kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, ila kazi iliamriwa bila ridhaa, na watu wakaipinga mpaka mpango ukaachwa. Msomera, wilayani Handeni, inatukumbusha jambo hilohilo kwa sura ya leo. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikizihamishia huko kaya kutoka Ngorongoro, ikajenga nyumba na kuleta huduma, yakiwemo maji. Na bado malalamiko kuhusu ardhi na kushirikishwa yamesikika kutoka kwa baadhi ya waliohamia na baadhi ya waliokuwepo. Serikali inasisitiza kwamba kuhama ni kwa hiari. Kwa hoja yangu inatosha kuona kwamba miundombinu inaweza kukamilika huku ujirani ukiwa haujaanza, na kwamba lambo moja linalotumiwa na mkulima na mfugaji linahitaji chombo ambamo wote wawili wana kiti.

Kwa hiyo taarifa za RUWASA za Handeni na Korogwe zibebe tarakimu zaidi ya ile asilimia. Nataka kujua kituo kilitoa maji siku ngapi katika mwezi. Mama alitumia muda gani kwenda, kupanga foleni na kurudi, kwa kuwa WHO na UNICEF huweka mpaka wa dakika 30 kwa huduma ya msingi. CBWSO ngapi zilibaki na akiba baada ya kulipa umeme. Na wanawake wangapi wanashika uenyekiti na uweka hazina, siyo ujumbe tu. Tarakimu hizo zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kabla ya kupelekwa wizarani. Na kwa kuwa maji ya Handeni yanatoka mto unaotumiwa pia na wakulima wa umwagiliaji na mitambo ya umeme ya Hale, vyombo vya maji vya wilaya zote mbili viwe na wawakilishi pale Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inapojadili nani apunguze matumizi kiangazi kinapokuwa kirefu.