Rangi za Udongo: Kuta za Rungwe na Uchoraji wa Japani

Katika Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mahali penye mvua kiasi hicho, mchoro wa udongo juu ya ukuta wa udongo hautazamiwi kudumu. Hata hivyo, Wanyakyusa wa zamani walizipamba kwa rangi za udongo nyumba zao za mianzi iliyokandikwa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyefika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu mno nyumba hizo kwa usafi na umaridadi wake. Leo nafasi yake imeshikwa na matofali ya kuchoma na mabati. Japani, kwa upande wake, imehifadhi michoro yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Tofauti hiyo imetokana na nini?

Haikutokana na rangi zenyewe. Mawe ya volkeno ya Mlima Rungwe, yakimomonyoka kwa mvua na joto, huacha udongo wenye oksidi za chuma. Hematiti huupa udongo wekundu. Gothiti, ambayo ina maji ndani ya muundo wake, huupa umanjano. Weupe hupatikana katika udongo wa kaolini, na weusi katika mkaa na masizi. Mchoraji wa Japani naye alitumia oksidi ya chuma kwa wekundu na masizi kwa wino mweusi. Weupe aliupata kwa kusaga makombe ya chaza, na kijani na buluu kwa kusaga mawe yenye shaba.

Kwa vifaa hivyo zilizaliwa mitindo mingi. Kaburi la Takamatsuzuka, lililogunduliwa mwaka 1972, lina picha za ukutani za mwisho wa karne ya 7 au mwanzo wa karne ya 8, zenye athari za China na Korea. Baadaye ulistawi mtindo uitwao yamato-e, uliosimulia hadithi za Kijapani kwa rangi nzito juu ya karatasi ndefu za kukunjwa. Kutoka China ukaja mtindo wa wino mtupu, ambao bingwa wake, Sesshu (1420–1506), aliweza kuonyesha mlima na ukungu kwa mipigo michache ya brashi. Wachoraji wa ukoo wa Kano nao walipamba majumba ya watawala kwa picha kubwa juu ya karatasi za dhahabu.

Siri ya kwanza ya kudumu kwa michoro hiyo ni gundi. Vumbi la rangi likichanganywa na maji peke yake, hupukutika mara likaukapo. Wajapani huchemsha ngozi na mifupa ya wanyama wakapata gundi ya protini, ambayo huzishika chembe za rangi na kuzigandamanisha na karatasi au hariri.

Lakini gundi haitoshi. Picha za Takamatsuzuka, zilizokaa gizani zaidi ya miaka 1,200, zilishambuliwa na kuvu baada ya kaburi kufunguliwa, hata mwaka 2007 chumba chake kikabomolewa jiwe kwa jiwe ili zitibiwe. Siri ya pili basi ni matunzo. Mwaka 1949 moto uliharibu picha za kale za hekalu la Horyuji. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuhifadhi mali za utamaduni. Sheria hiyo hailindi vitu tu, bali hata ufundi wa kuvitengeneza.

Tanzania nayo ina michoro iliyodumu. Ile ya Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili kwa wingi mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imekingwa na miamba. Ukuta wa Rungwe haukuwa na mwamba wa kuukinga. Ukuta wa udongo hudumu kwa kukandikwa upya, na kwa desturi ya Wanyakyusa vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Kwa hiyo uhai wa mapambo hayo haukuwa ukutani bali mikononi mwa watu. Mikono ikiacha kazi, hakibaki hata kipande cha kuwekwa katika jumba la makumbusho.

Hapo ndipo shule inapoweza kufanya utafiti wa kweli. Wanafunzi wawaulize wazee ni udongo upi uliotumika, ulichimbwa wapi na ulitayarishwaje, kisha waandike majibu na kuhifadhi sampuli. Katika maabara, udongo wa manjano uliosagwa ukikaangwa juu ya bati hupoteza maji na kugeuka mwekundu: gothiti imekuwa hematiti. Kisha vipande vitatu vya tofali vipakwe rangi moja, cha kwanza kwa maji tu, cha pili kwa ute wa yai, cha tatu kwa maziwa. Vikikauka, vimwagiwe maji na kulinganishwa.

Udongo wa Rungwe utakuwapo hata baada ya vizazi vingi. Kinachoweza kupotea katika kizazi hiki ni habari za matumizi yake.