Kwa Nini Ada Inabadilika Kabla Hujamaliza Kuchapa?

Tuseme uko Kangundo na unataka kumtumia fundi wa pampu aliye Tala shilingi 1,000. Unafungua programu, unachapa 1, ada inasoma sifuri. Unachapa 10, halafu 100, bado sifuri. Ukiongeza sifuri ya mwisho, ada inatokea yenyewe na jumla inabadilika hapo hapo, na hujabonyeza kitufe chochote. Wateja wengi hutuuliza: sasa pesa ishakatwa?

Bado. Kile kisanduku cha kiasi kimefungwa kwenye thamani ambayo simu inaiweka kwa muda. Thamani hiyo ikibadilika, hata kwa tarakimu moja, kipande kidogo cha maagizo kinachoitwa funksheni huamka, hupiga hesabu ya ada upya na kuandika jibu. Kwa hiyo kwa 1,000 imeamka mara nne. Mweka hazina wa chama anayetumia Excel anaijua hali hii: akibadilisha mchango wa mtu mmoja, jumla ya chini hubadilika yenyewe. Wazo hili si geni. VisiCalc ilikuwa ikifanya hivyo kwenye kompyuta mwaka 1979. Menyu ya USSD haina mambo hayo. Unachapa, unatuma, unangoja jibu.

Ada ni rahisi. Jina la mpokeaji ndilo linalotaka uangalifu, na hapa tunakuomba usome polepole.

Ukimaliza tarakimu kumi za nambari, funksheni nyingine huamka na kuuliza mtambo wetu: hii ni ya nani? Jibu linasafiri kwa mtandao, na mtandao ukiwa mzito linaweza kuchukua sekunde kadhaa. Sasa tuseme umeandika nambari inayoishia 47, ukagundua ni 74, ukarekebisha. Maswali mawili yako njiani. La 74 likijibiwa kwanza na la 47 lije likiwa limechelewa, programu iliyoandikwa ovyo itaonyesha jina la mwenye 47 juu ya nambari ya 74. Unaona jina la mtu mmoja, unatuma, pesa inaenda kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana programu nzuri hufuta jina la kwanza mara tu unapogusa tarakimu, na hutupa jibu lolote la nambari ambayo haipo tena kwenye kisanduku. Wewe nawe, ukirekebisha nambari, ngoja jina litokee upya. Halafu kwenye ukurasa wa mwisho, kabla ya kuweka PIN, soma jina na nambari pamoja. Jina peke yake halitoshi.

Hesabu unayoona kwenye kioo ni makadirio ya simu. Neno la mwisho ni la mtambo. Machi 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza kuondolewa kwa ada za kutuma hadi shilingi 1,000, hakuna aliyehitaji kununua simu nyingine. Bei zilibadilishwa kwenye mitambo ya kampuni.

Hapo ndipo matapeli wanapopata mwanya, hasa kwa wanaouza sokoni. Mnunuzi anachukua magunia mawili ya maharagwe, halafu simu yako inalia: ujumbe unasema umepokea pesa, salio lako jipya ni hili. Ujumbe huo ni maandishi tu. Mtu yeyote anaweza kuyaandika, na haujagusa thamani yoyote kwenye mtambo. Salio halijasonga. Picha ya skrini anayokuonyesha kwenye simu yake nayo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo usihesabu salio kwa kusoma SMS. Fungua programu au menyu, uliza salio mwenyewe, na ulinganishe na lile la awali. Kama programu ilikuwa wazi tangu asubuhi, vuta ukurasa chini ili uulize mtambo upya, maana ukikosa mtandao kioo kinaweza kubaki na salio la zamani. Mnunuzi akikuharakisha eti matatu inaondoka, mwambie magunia yatapakiwa salio likisonga.